Kifua cha Célestine

Tangu Msomaji aletwe hospitalini, Dokta Apolline alikuwa anaingia kazini na woga, na hakumwambia mtu.

Msomaji hakuwa mtu. Ndivyo wafanyakazi walivyoiita programu ya kompyuta iliyokuja pamoja na mashine mpya ya kupiga picha za kifua. Norbert, fundi wa picha, alimsimamisha mgonjwa mbele ya mashine, akabonyeza, na kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati lake Msomaji alikwisha kutoa jibu: rangi nyekundu kama mapafu yana dalili za kifua kikuu, rangi ya kijani kama hayana. Jibu lilikwenda lenyewe kwenye simu ya daktari wa wodi, na ujumbe mfupi ukaenda kwenye namba ambayo mgonjwa ameiacha mapokezi. Kazi ya Apolline ilikuwa kutia kidole kwenye kioo ili ionekane kwamba daktari naye ameangalia.

Alikuwa amesoma Kinshasa miaka mingi ili ajue kusoma picha. Aliporudi Uvira, watu wa Songo, mtaa alikozaliwa, walimfanyia sherehe. Chumba chake cha picha kilikuwa chumba chenye maneno mengi kuliko vyote hospitalini. Dokta Dieudonné wa wodi ya watu wazima alizoea kuingia bila kubisha, akisimama nyuma ya kiti chake, na wote wawili wakibishana juu ya kivuli kidogo kwenye pafu la mtu. Apolline alimwambia anachokiona, Dieudonné alimwambia alichokisikia kwa mgonjwa: huyu analima kwenye bonde la Ruzizi, huyu alikunywa dawa akaziacha katikati, huyu anadanganya, hakohoi tangu jana. Mara nyingi jibu lilitoka katikati ya maneno yao, si kwenye picha peke yake.

Sasa Dieudonné hakuja tena. Hakuwa na sababu ya kuja. Alikuwa na wagonjwa wengi na jibu lilimfikia mfukoni.

Woga wenyewe ulianza siku daktari mkuu, Dokta Octave, alipomwita ofisini. Alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha, kwamba programu inaonyesha ni mara ngapi daktari amepingana nayo, na kwamba yeye anapingana nayo kuliko walivyotegemea wafadhili walioitoa mashine. Wameanza kuuliza kama hospitali inahitaji daktari wa picha, ama inatosha fundi na Msomaji. Octave alisema hilo si neno lake. Alisema tu kwamba amelisikia.

Toka siku hiyo Apolline akapunguza kupingana. Kwanza alijiambia kwamba anachagua yale makubwa. Baadaye alijikuta anatazama rangi kwanza, kisha picha, na macho yake yakiona kile ambacho rangi imekwisha kusema. Mara nyingine alijaribu kufunika kona ya kioo kwa mkono ili asome mwenyewe, akaona moyo wake unapiga kama wa mwanafunzi aliyesahau somo. Aliondoa mkono haraka. Kwa nini hasa alikuwa anaogopa, hakutaka kujiuliza sana.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Asubuhi moja, watu wakiwa wamejaa kwenye baraza ya hospitali na miguu yenye matope, alipita mama mmoja wa mtaa wa Mulongwe anayeuza unga wa muhogo. Jina lake Célestine. Alikuwa anakohoa kwa majuma, na jana yake aliteleza kwenye mawe ya mto akiwa na gunia kichwani. Mapokezi walipomuuliza ana shida gani, akataja kikohozi kwanza, na kule kuanguka akakutaja mwishoni kama jambo dogo. Kilichoingia kwenye kompyuta ni kikohozi. Norbert alimpiga picha. Msomaji akatoa kijani. Apolline alikuwa na picha nyingine nyingi zinazomngoja. Akatia kidole.

Wodini, Dieudonné aliona kijani kwenye simu yake, akambonyeza Célestine ubavu, akampa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike. Célestine akaenda kwake.

Alasiri, mvua ilianza kunyesha kwa nguvu na kuranti, yaani umeme, ikakatika. Apolline alikuwa amesimama kwenye bomba ananawa mikono kabla ya kula. Hakuwa anafikiri kitu chochote cha kazi. Ghafla ile picha ya asubuhi ilimrudia machoni, na safari hii haikuwa na rangi. Aliona mbavu, aliona moyo, na pembeni mwa pafu moja aliona mstari mwembamba kama unywele. Nje ya ule mstari palikuwa peusi kabisa, pasipo vile vinyuzi vya mapafu. Aliacha maji yakitiririka.

Alijua maana yake. Pafu lilitobolewa, labda na ubavu uliovunjika, na hewa ilikuwa inavuja ndani ya kifua bila njia ya kutoka. Hewa ya namna hiyo huweza kuongezeka kwa kila pumzi, ikalibana pafu, kisha ikausukuma moyo wenyewe, mpaka mtu anakufa akiwa amekaa.

Alikimbia chumbani kwake ili aitazame tena. Kompyuta ilikuwa imezimika. Kwenye simu yake hapakuwa na picha, kulikuwa na jibu tu: hakuna dalili za kifua kikuu. Na picha zenyewe zilihifadhiwa mbali, kwenye intaneti, na intaneti ilikuwa imekwenda pamoja na kuranti. Alikaa kwenye kiti, akajaribu kujidanganya. Labda ulikuwa mkunjo wa ngozi. Labda picha hiyo ni ya mtu mwingine, wa jana, wa juma lililopita. Kama kungekuwa na kitu kikubwa namna hiyo, si angekiona asubuhi? Wazo la mwisho ndilo lililomwinua, maana alijua jibu lake.

Mapokezi walimpa namba ambayo Célestine aliiacha. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, Pétronille. Simu ilichelewa kushikwa.

"Mama Pétronille, minye ni Dokta Apolline wa hospitali. Mudogo wako iko wapi?"

"Iko hapa, amelala. Amechoka."

"Anapumua namna gani?"

Pétronille alimtazama mdogo wake. "Namna ya muntu mwenye kukimbia. Lakini message yenu ilisema haiko na kitu. Niko nayo hapa kwa telefone."

Apolline alimweleza kwamba ule ujumbe ulihusu kifua kikuu tu, kwamba huenda kuna kitu kingine, na kwamba Célestine lazima arudishwe hospitali sasa hivi. Kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ya yule mama ilivyozidi kuwa nzito.

"Message ilitoka kwenu," Pétronille alisema. "Na weye unasema unatoka kulekule. Minye nisadiki nani?"

Apolline alimwomba aweke simu karibu na kinywa cha mdogo wake. Kwa muda hakusikia isipokuwa mvua kwenye mabati. Kisha akasikia pumzi, fupi fupi, zisizofika chini, moja ikiikata nyingine. Alimwomba Pétronille amweleze nyumba yao ilipo, akakata simu.

Alikwenda wodini. Muda mrefu alikuwa hajakanyaga huko, na wauguzi walimtazama kama mgeni. Dieudonné alikuwa kwenye kitanda cha mwisho. Apolline alimwambia maneno machache, na Dieudonné akatoa simu yake mfukoni akamwonyesha ile rangi ya kijani.

"Jina lako ndilo liko hapa chini," alisema.

"Ndiyo. Nilitia kidole. Sikuangalia."

Dieudonné alimtazama. Angeweza kusema mengi, na Apolline alikuwa amejiandaa kuyasikia. Lakini uso wake ulibadilika pole pole, na Apolline akaona kwamba naye ameshikwa na woga uleule. Naye alikuwa ameuweka mkono wake juu ya ubavu wa yule mama na hakuusikiliza. Alikwenda kwenye kabati akachukua sindano nene, glavu, mpira wa kupitisha hewa na dawa ya kusafishia ngozi, akavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga dhidi ya mvua.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kijiji cha Katogota kumchukua mwanamke mwenye kujifungua na halikuwa limerudi. Walichukua pikipiki mbili. Karibu na daraja la Mulongwe motari, wale waendesha pikipiki, wote wawili wakakataa kwenda mbele. Mto ulikuwa umepanda. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, na chini yake mawe yalibingirika kwa kishindo ambacho Apolline alikisikia mpaka kwenye magoti. Watu walikuwa wanatoa magodoro na sufuria nyumbani mwao. Kila mtu wa mtaa ule anakumbuka mwaka ambao maji yalichukua nyumba, na hakuna aliyekuwa anangoja kuona kama yatasimama.

Walipanda kwa miguu kando ya mto, wakishikilia kuta. Apolline aliogopa maji. Aliogopa pia kwamba watamkuta Célestine amekwisha kufa, na ndugu zake wamejaa mlangoni na ule ujumbe mkononi. Lakini alipojichunguza alikuta kuna woga mwingine chini ya hayo yote: kwamba watamkuta hai, na Dieudonné atamgeukia na kumwuliza kitu, naye hatakuwa na cha kujibu.

Pétronille alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kichwani. Alipowaona hakusalimu, alisogea tu wapite.

Célestine alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakuweza kulala chali. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu na mishipa ya shingo imevimba. Aliwatazama, akafungua kinywa aseme, pumzi haikutosha. Macho yake yalikuwa makubwa sana.

Dieudonné alipiga magoti, akaweka kipimo masikioni, akasikiliza upande mmoja, kisha wa pili, kisha akarudi kwenye ule wa kwanza. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama mtu anamwaga changarawe. Alifunga macho, akasikiliza tena. Akagonga kifua kwa vidole, na kelele ikaimeza hata sauti hiyo. Alipogeuka, Apolline aliona jasho kwenye paji lake.

"Sisikii kitu," alisema kwa nguvu. "Apolline, upande gani?"

Hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Sindano ikiingia upande wenye hewa, hewa itatoka na mama ataishi. Ikiingia upande mzima, italitoboa lile pafu moja ambalo bado linamsaidia.

Pétronille alisema ni kushoto. Alifunua blauzi ya mdogo wake akawaonyesha: ubavu wa kushoto ulikuwa na jeraha jeusi, kubwa kama sahani. Dieudonné alisogeza mkono wake kushoto.

Apolline alifumba macho aitafute picha. Ule weusi ulikuwa upande ambao kwake ni mkono wa kushoto, yaani kulia kwa mgonjwa. Lakini je, picha ilikuwa imegeuka? Zamani Norbert alikuwa anabandika herufi ndogo ya madini ya risasi kwenye kila picha, za Kifaransa, D kwa kulia na G kwa kushoto. Tangu Msomaji afike, hazikubandikwa tena, kwa kuwa Msomaji hakuzihitaji, na Apolline hakuwa amelalamika. Alijaribu kuukumbuka moyo. Ncha yake ilielekea wapi? Aliuona ukielekea huku, kisha huku. Kila alivyozidi kuitazama ile picha kichwani ndivyo ilivyozidi kufutika, na mahali pake ikaja ile rangi ya kijani.

Akafungua macho. Célestine alikuwa anamtazama yeye.

Apolline aliinama akaweka kidole chake chini ya koo la yule mama, kwenye kale kashimo kati ya mifupa ya mabega, akatafuta koromeo la hewa. Kwa mtu mwenye afya huwa katikati. La Célestine halikuwa katikati. Lilikuwa limesukumwa kushoto, kabisa, kama mlingoti unaoegemea. Hewa ilikuwa inalisukuma kutoka upande wa pili. Alipapasa tena, bila picha ya kumhakikishia.

"Kulia," alisema.

"Jeraha liko kushoto."

"Ninaliona. Ni kulia."

"Una hakika?"

"Hapana. Lakini ni kulia, Dieudonné. Choma."

Dieudonné aliuondoa mkono wake kushoto. Kisha akasafisha ngozi upande wa kulia, akapapasa nafasi kati ya mbavu, akaingiza sindano. Pétronille aligeuza uso.

Apolline hakusikia kitu kwa sababu ya mvua. Lakini kidole chake kilikuwa karibu na sindano, na alihisi upepo mwembamba, wenye joto, ukipuliza juu ya ngozi yake. Uliendelea kupuliza. Célestine alivuta pumzi, akaivuta nyingine ndefu kuliko ya kwanza, kisha akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko sauti zote alizopata kusikia, kwa kuwa mtu asiye na hewa hawezi kulia.

Dieudonné alikaa chini pale pale sakafuni, akauegemeza mgongo wake ukutani kando ya mgonjwa.

Mvua ilipopungua, vijana wa mtaa walimbeba Célestine kwenye kiti cha mbao mpaka darajani, na hospitali wakamwekea mpira wa kutoa hewa. Alipoweza kusema, alieleza kwamba alianguka kwa upande wa kushoto, na gunia la unga likamfuata likamwangukia kulia. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Asubuhi yake Dokta Octave aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha alisema kwamba Msomaji hakukosa. Aliulizwa kama kuna kifua kikuu, akajibu hakuna, na ni kweli hakukuwa. Alisema pia jambo ambalo Apolline alilijua: katika miezi hii Msomaji alikuwa amewagundua watu ambao kikohozi chao kingewaua, watu waliopita kwa waganga na kwa maduka ya dawa bila mtu kuwaangalia.

Apolline alikubali. Alisema hilo ndilo linalomwogopesha zaidi, kwamba mashine haikukosa na bado mtu alikuwa anakufa. Aliomba majibu ya Msomaji yafichwe mpaka daktari aandike ya kwake kwanza, herufi zirudi kwenye picha, na ujumbe usiende kwa mgonjwa yeyote kabla mtu hajaongea naye kwa kinywa. Octave alisema mawili ya kwanza anaweza kuyaamuru leo. La tatu si lake. Wale walioitoa mashine walikuwa wanajivunia ule ujumbe kuliko kitu kingine, na atawauliza. Juu ya nafasi ya Apolline hakusema kitu, na Apolline hakuuliza.

Célestine alipopona, siku ya kuondoka aligoma kushuka kitandani. Pétronille alimbembeleza, wauguzi wakamwonyesha karatasi ya ruhusa, yeye akashikilia ukingo wa kitanda. Wakamwita Apolline.

"Mara ya kwanza mulinituma kwetu," Célestine alisema. "Munaniambia tena niko muzima. Ni nani ameona?"

Apolline alivuta kiti. Alimweleza kwamba picha ya leo ameitazama yeye mwenyewe kabla ya mashine kusema lolote, kwamba Dokta Dieudonné amekuja chumbani wakaitazama pamoja, na kwamba pafu limefunguka mpaka mwisho. Alimwonyesha kwa mikono pafu lilivyokuwa na lilivyo sasa. Célestine alisikiliza, kisha akamwuliza kama ana hakika.

Apolline alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na yule mama alikuwa analihitaji.

"Minye pia niko naogopa, mama," alisema. "Tangu siku ile kila picha inaniogopesha. Lakini hii niliiangalia vizuri, na Ijumaa utarudi niiangalie tena. Pumzi ikibadilika mbele ya Ijumaa, usingoje message. Kuja. Ukikuta mulango umefungwa, piga kelele."

Célestine alifikiri. Alimgeukia dada yake akamwuliza kama amesikia, na Pétronille akasema amesikia. Ndipo akateremsha miguu, moja moja, akatafuta kandambili zake chini ya kitanda. Apolline alimshika mkono mpaka kwenye baraza, kisha akarudi chumbani kwake, ambako picha za asubuhi zilikuwa zinamngoja, akakaa mbele ya ile ya kwanza, akaisoma kwa muda mrefu kabla ya kutia kidole.